Mji wa Mwanza Wakati wa Usiku

Habari za Mwanza zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu zote ni habari za mchana. Husifiwa mawe yake makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na mikono ya watu. Husifiwa Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Husifiwa sato na sangara wake, na upepo wa Ziwa Victoria. Hayo yote ni kweli. Walakini mji hauishi mchana tu. Mwanza iko karibu na ikweta, nyuzi 2 na nusu tu kusini yake, na kwa sababu hiyo usiku wake haurefuki wala haufupiki sana kwa majira. Mwaka mzima ni saa 12 hivi za jua na saa 12 hivi za giza. Tena jua likizama, karibu saa moja ya jioni, giza haliji polepole kama lijavyo katika nchi za Ulaya. Nusu saa haipiti, usiku umekwisha kuingia. Basi mtu asemaye kwamba anaijua Mwanza kwa kuwa ameiona mchana, anaijua nusu.

Hivi karibuni nilikaa Mwanza siku nne kwa shughuli, nami nikapata nafasi ya kutembea usiku pamoja na mjomba wangu, ambaye ni mkazi wa Mabatini tangu zamani. Hatukutembea kwa kutafuta anasa. Nilitaka kuona jambo moja: mwanga wa mji unamfikia nani, na unamwacha nani. Jambo hili lamhusu mama aendaye mwaloni kabla ya alfajiri, kijana arudiye kazini, mwanafunzi atokaye kusoma, na mgonjwa apelekwaye Bugando usiku wa manane. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwapasha habari.

MJI ULIVYOKAA

Ili kuzielewa taa za Mwanza, yafaa kwanza kuielewa ardhi yake. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892, kando ya ghuba. Reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Mji ukaendelea kukua, ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 upande wa Ilemela ukatengwa kuwa manispaa, hata siku hizi Nyamagana na Ilemela ni halmashauri mbili. Lakini kwa macho ya mgeni ni mji mmoja.

Mji huu umebanwa kati ya maji na vilima. Tambarare yake ni nyembamba, na hapo ndipo zilipopita barabara kubwa. Barabara ya Kenyatta yaenda kusini kwa njia ya Mkuyuni na Butimba mpaka Nyegezi na Buhongwa, halafu Shinyanga. Barabara ya Nyerere yaenda mashariki, ikipita Mabatini, Nyakato na Igoma, halafu Musoma. Barabara ya Makongoro yaenda kaskazini kwa upande wa Kirumba na Pasiansi, mpaka uwanja wa ndege. Watu nao, kwa kuwa nafasi ya chini haikuwatosha, wamepanda vilimani. Nyumba zimejengwa katikati ya mawe, na nyingine zimeegemea jiwe lenyewe kama ukuta wa nne. Akaaye huko hafiki kwake kwa gari. Hushuka katika daladala barabarani, kisha hupanda kwa miguu kwa vijia na ngazi za mawe.

Hapo ndipo ilipo shida tunayoisema. Taa za mji hufuata barabara, na barabara hufuata bonde. Lakini watu hulala mlimani.

KITUONI NA BARABARANI

Nilifika kwa basi saa nane ya usiku, katika kituo cha Nyegezi. Zamani jambo hilo halikuwa la kawaida. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku kucha, kwa ajili ya ajali na ujambazi wa njiani. Katazo hilo likaondolewa mwaka 2023. Tangu hapo vituo vya mabasi havilali. Ndani ya kituo palikuwa na mwanga wa kutosha. Abiria aliuona mzigo wake, aliiona namba ya basi, na aliuona uso wa mtu aliyemwambia, "Karibu, nikupeleke." Hata hivyo wengi tulioshuka hatukuondoka. Akina mama walitandika khanga chini, wakawalaza watoto, wakangoja kupambazuke.

Nilimwuliza mama mmoja anakwenda wapi. Akanijibu kwamba kwake si mbali, lakini baada ya kushuka katika bodaboda itampasa apande kijia cha mlimani na mtoto mgongoni na sanduku mkononi, "na kule, baba, hakuna taa." Nikaelewa ya kuwa safari haiishii kituoni. Usalama wa safari nzima hupimwa kwa kile kipande chake chenye giza kuliko vyote, hata kikiwa cha hatua 200 tu.

Jioni ya siku ya pili tulishika Barabara ya Nyerere kwenda mjini. Barabara kubwa za Mwanza zimepata taa nyingi katika miaka hii. Kuanzia mwaka 2010 Serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa kutengeneza barabara, mitaro na taa katika miji kadhaa ya Tanzania, na Mwanza ilikuwa mmoja wao. Mtu akumbukaye hali ya zamani hawezi kukana ya kuwa faida ni kubwa. Dereva huwaona wanaovuka. Mtembeaji huyaona mashimo. Maduka hufungwa saa nne badala ya saa moja.

Lakini tulipofika katikati ya mji nikaona jambo jingine, ambalo labda wakazi wamelizoea hata hawalioni tena. Karibu nusu ya mwanga wa mtaani si wa halmashauri. Ni wa watu. Muuza chipsi ana globu yake, muuza mahindi ya kuchoma ana makaa yake, mama lishe ana taa ya betri iliyotundikwa juu ya sufuria, wazee wa kahawa wana taa ya duka la jirani. Mahali penye watu hao twalipita bila wasiwasi, ingawa taa zao ni ndogo. Mbele kidogo tulipita kando ya ukuta mrefu wa maghala, penye taa kubwa ya barabarani lakini pasipo mtu hata mmoja. Pale mjomba aliongeza mwendo, nami nikamfuata. Palikuwa na mwanga zaidi, na amani kidogo.

Mwandishi mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake juu ya miji mikubwa mwaka 1961. Alifundisha kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu wake, na taa ina faida kwa sababu huyasaidia macho hayo. Pasipo macho, taa huangaza bure.

TAA NA MACHO YETU

Wengi hudhani ya kuwa taa ikiwa kali zaidi, usalama nao huzidi. Sivyo hasa. Jicho la mtu limeumbwa lizoee giza, lakini kazi hiyo huichukua muda. Ili lizoee kabisa huhitaji kama nusu saa. Taa kali ikilipiga jicho usoni, huharibu kazi hiyo mara moja. Ukipita mbele ya nyumba yenye taa kali ya ukutani iliyoelekezwa njiani, kwa kitambo huoni kitu isipokuwa taa ile yenyewe. Mwizi akisimama nyuma yake, yeye akuona vizuri sana, wewe humwoni kabisa. Mwenye nyumba alikusudia kujilinda; kumbe amemjengea mwizi maficho. Dawa yake ni rahisi: taa iinamishwe itazame chini, ifunikwe juu na kando, iangaze ardhi wala si macho.

Jambo la pili ni nafasi kati ya taa na taa. Taa tano kali zilizo mbalimbali hufanya visiwa vya mwanga vyenye shimo la giza katikati, na shimo hilo huonekana jeusi zaidi kwa sababu ya ukali wa visiwa. Taa kumi za kadiri, zilizokaribiana, humfaa atembeaye kwa miguu kuliko hizo tano. Mafundi wa taa wana kipimo kizuri: mtembeaji aweze kuutambua uso wa mtu ajaye akiwa bado mita 4 mbele yake. Umbali huo humpa nafasi ya kusalimu, au kupisha, au kugeuka.

Jambo la tatu ni rangi. Taa za zamani za sodiamu hutoa mwanga wa rangi ya chungwa, na katika mwanga huo shati la buluu na shati jeusi hufanana. Shahidi akiulizwa mwizi alivaa nini, hana la kusema. Taa za LED, zinazotumiwa sana siku hizi, huonyesha rangi vizuri zaidi, tena hutumia kama nusu ya umeme. Lakini nazo zina kiasi chake. Mwanga mweupe mno wenye kuelekea ubuluu huwasumbua watu usingizini, na huwaita wadudu. Kwetu kando ya ziwa jambo hilo si dogo, maana wako wale wadudu wadogo wa ziwani wainukao juu ya maji kama moshi, na asubuhi hukutwa wamelala chini ya nguzo kama makapi. Mwanga mweupe wenye joto kidogo, unaokaribia rangi ya moto wa mshumaa, hutosha na hausumbui.

MLIMANI

Saa tatu tuliiacha barabara, tukaanza kupanda. Hatua 30 tu, na taa za barabarani zikawa chini yetu, nzuri kutazamwa, lakini hazitusaidii kitu. Mjomba alitoa simu yake ya kitochi, akaielekeza chini. Mbele yetu na nyuma yetu watu wengine walifanya vivyo hivyo. Ukiwa juu ya kilima waona vinukta vya mwanga vikipanda polepole katikati ya mawe. Kila kimoja ni mtu arudiye nyumbani.

Wahenga walisema: amulikaye nyoka huanzia miguuni pake. Twaitumia methali hii kuwaonya watu watengeneze mambo yao kwanza, lakini pale mlimani niliielewa kwa maana yake ya kwanza kabisa. Njia yenyewe ni mwinuko, na penye mvua jiwe huteleza. Kuna ngazi zisizolingana, moja fupi na moja ndefu. Kuna mtaro ulio wazi kando ya njia, na pengine njia yenyewe ndiyo mtaro. Kuna kona ambapo jiwe kubwa limeziba macho, nawe hujui ni nani aliye upande wa pili mpaka ufike. Kwa mtu wa namna hii, taa ya nguzo ndefu iliyo mbali haina msaada, kwa kuwa mwili wake mwenyewe hutupa kivuli mbele ya miguu yake. Yeye anahitaji taa fupi, nyingi, na ndogo: moja penye ngazi, moja penye kona ya jiwe, moja penye daraja la mtaro, moja penye bomba la maji.

Baadhi ya njia za vilimani zimetandikwa mawe vizuri siku hizi, na kazi hiyo yastahili sifa. Lakini ngazi nzuri isiyoonekana usiku ni nusu ya ngazi.

Penye kona moja palikuwa na globu ndogo juu ya mlango wa nyumba ya mama mzee auzaye karanga na vitunguu. Tulimwamkia, "Mwadila, mayu," naye akaitikia. Taa yake iliangaza ngazi kumi hivi za mbele. Nilimwuliza kama haimgharimu. Akasema inamgharimu, maana fedha ya Luku ni yake mwenyewe, lakini aliwahi kumwona mtoto akianguka pale na ndoo ya maji. "Taa hii si ya nyumba," akasema. "Ni ya njia." Globu ya wati 5 ikiwaka saa 12 usiku kucha, kwa mwezi mzima hutumia kama yuniti 2 tu za umeme. Mjomba aliniambia kwamba watu wengi hupenda kupita kwa mama yule, ijapokuwa ni njia ndefu kidogo. Na kwa kuwa watu hupita, karanga zake huuzika.

Hatari za giza si wezi tu. Mto Mirongo, upitao katikati ya mji kwenda ziwani, wakati wa kiangazi ni kijito. Lakini mvua kubwa ikinyesha vilimani maji hushuka kwa nguvu kutoka katika mawe, hata mto na mitaro yake hujaa kwa muda mfupi. Mtu akitembea gizani hawezi kujua kama mtaro alioruka asubuhi umekuwa mto jioni. Mtaro usio na kifuniko wala taa, karibu na shule au soko, wastahili kuhesabiwa kama gari lisilo na breki.

ZIWANI NA MWALONI

Siku ya tatu tuliamka saa tisa ya usiku, tukaenda Kirumba kutazama mwalo. Usiku ule haukuwa na mwezi. Tulipotazama majini tuliona mji wa pili: taa nyingi zimepangwa mistari mistari mbali ziwani, zikitikisika. Hao ni wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za LED zenye betri, nyingine zikijazwa kwa nguvu ya jua. Taa huwaita wadudu na viumbe vidogo vya majini, dagaa huvifuata, kisha wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikiwa kamili kazi yao hupungua, kwa kuwa mwanga umetapakaa kila mahali na taa ya mvuvi haina nguvu ya kuita.

Nilifikiri sana juu ya wavuvi hao. Wao wamejua tangu zamani neno ambalo wapanga miji hulisahau: mwanga huita. Taa ikiwekwa mahali, huwaambia watu, "Piteni hapa." Basi ikiwekwa katika njia ya mkato pasipo nyumba wala duka, huwaita watu mahali ambapo hapana atakayesikia kilio chao. Ikiwekwa penye njia itumiwayo na wengi, karibu na madirisha na vibanda, huwakusanya watu pamoja, nao hulindana. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, yafaa kuuliza: tunamwita nani, naye tunamwita wapi?

Pale Mwaloni biashara huanza kabla jua halijatoka, na wengi wa wanunuzi ni wanawake. Huja na beseni, na fedha zimefungwa katika pindo la khanga. Huja kwa makundi, si kwa sababu wanapenda mazungumzo tu, bali kwa kuwa mmoja peke yake yumo hatarini. Mwanamke asiye na kundi hungoja kukuche. Akifika, samaki wazuri wamekwisha, na waliobaki ni wa bei ya juu. Hivyo giza humtoza kodi ambayo haimo katika kitabu chochote. Watu husema kwamba taa za mtaani ni pambo la mji. Kwa mama yule ni mtaji.

MIJI MINGINE ILIVYOFANYA

Nairobi, katika mitaa ya mabanda, zilisimamishwa nguzo ndefu sana zenye taa kali juu yake, nguzo moja ikimulika eneo kubwa. Watu wakazipa jina zuri: mulika mwizi. Zimesaidia, maana biashara ndogo huendelea usiku na watu huthubutu kutoka nje. Lakini zina kasoro mbili zinazotokana na umbo lao. Nyuma ya kila kibanda pana kivuli kirefu. Na siku nguzo moja ikiharibika, giza huwaangukia wote waliotegemea nguzo ile.

Mji wa New York ulifanya jaribio mwaka 2016. Minara ya taa ya muda iliwekwa katika baadhi ya makazi ya nyumba za umma, yaliyochaguliwa kwa namna ya kura, ili yalinganishwe na yale yasiyopewa. Watafiti wakaona kwamba makosa makubwa yatendwayo nje wakati wa usiku yalipungua kwa kama asilimia 36. Lakini Uingereza na Wales, mwaka 2015, utafiti katika halmashauri 62 haukuona dalili ya kwamba uhalifu au ajali viliongezeka mahali ambapo taa zilipunguzwa au kuzimwa sehemu ya usiku ili kubana matumizi.

Msomaji ataniuliza, tumwamini yupi? Kwa maoni yangu hakuna kupingana. Kule New York taa zilipelekwa penye watu wengi na shida kubwa. Kule Uingereza zilipunguzwa katika nchi ambayo tayari ina taa nyingi, na saa ambazo wengi wamelala. Yatupasa kujifunza yote mawili: taa huokoa mahali inapohitajiwa, na si kila taa inahitajiwa. Mji usio na fedha nyingi haupaswi kuongeza taa ya sita penye tano, wakati ngazi za mlimani hazina hata moja.

NANI AITUNZE TAA

Kusimamisha nguzo ni kazi ya siku moja, na mara nyingi huwa na sherehe. Kuitunza ni kazi ya miaka, na haina sherehe. Taa ya nguvu ya jua hufaa sana kwetu, na wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2022 na 2023 mwenye sola alishukuru. Lakini kioo chake hushika vumbi, betri yake huchakaa baada ya miaka michache, na wako watu waovu wapandao nguzo kuiba betri. Taa ya umeme wa gridi nayo huungua, au mti hukua na kuifunika. Tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha umeme, nalo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Basi nguzo yenye giza leo mara nyingi haikosi umeme. Inakosa mwenyewe.

Katika nchi ya Usukuma na Unyamwezi twajua tangu mwanzo wa miaka ya 1980, zilipoanza sungusungu, ya kuwa ulinzi wa usiku ni kazi ya wenyeji. Ni kweli vikundi vingine vilizidisha mkono na kuwadhuru watu, na hilo lisirudiwe. Lakini moyo wa kusema "usiku huu ni wetu" ulikuwa mwema. Moyo huo waweza kutumika kwa taa bila fimbo wala mishale.

Naona mambo manne yawezekana katika kila mtaa. Kwanza, mwenyekiti wa mtaa pamoja na wajumbe watembee usiku, si mchana, wakiwa na akina mama na vijana, waandike mahali penye giza la hatari: ngazi, kona, madaraja, bomba la maji, vyoo vya soko. Pili, kila nguzo iandikwe namba, na watu wajue namba ya simu ya kupiga inapozimika. Maana "taa ya kule karibu na mwembe" fundi haijui. Tatu, kila nyumba iliyo penye njia iweke globu moja ndogo nje, imefunikwa juu na kutazama chini. Nne, mkutano wa mtaa usomewe hesabu ya taa, ngapi zinawaka na ngapi zimekufa, kama usomewavyo hesabu ya fedha.

NJIA YA KWENDA MLANGONI

Siku ya nne niliondoka jioni kuelekea Sengerema, nikapita katika Daraja la Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi. Lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nalo lina urefu wa kilomita 3 hivi. Kabla yake magari yalingoja kivuko, na kungoja usiku na mgonjwa garini kulikuwa mateso. Sasa ghuba huvukwa kwa dakika chache. Taa za daraja zilikuwa zimewaka, zimepangika vizuri juu ya maji, na abiria wote walinyamaza wakizitazama.

Baada ya Busisi abiria mmoja, bibi mwenye kikapu, alimwomba dereva asimame. Palikuwa giza tupu. Dereva hakuondoka mara moja. Aligeuza gari kidogo, akaelekeza taa zake katika kijia cha bibi yule, akangoja mpaka alipofika penye nyumba na mlango ukafunguliwa. Hakuna abiria aliyenung'unika.

Basi msomaji, usiku wa leo toka nje, usimame mlangoni pako, utazame njia ambayo jirani yako huipita. Kama miguu yake haionekani, kazi imekwisha kupatikana.